Aliyevuliwa Ujinga Kabla ya Mvua

Kiangazi cha mwaka 1987 kilikuwa kirefu. Huko Katuba, katika mitaa mipya ya mji ambayo bomba lilikuwa halijafika, ardhi nyekundu ilikauka hadi ikawa ngumu kama tofali, na wenye viwanja waliwatafuta wachimba visima nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo miezi ya kazi yao. Kisima huchimbwa maji yakiwa yameshuka chini kabisa, ili mwaka unaofuata kisije kikakauka. Anayechimba wakati wa mvua hujipatia dimbwi tu.

Anaclet alikuwa na miaka ishirini. Baba yake, mtu wa Kongolo, alifanya kazi ya reli hadi akahamishiwa kusini na familia yake yote, na alipofariki, kijana aliacha shule ya misheni akiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Asubuhi moja alifika mahali mzee Katongo alipokuwa akichimba. Alivaa shati safi, na kalamu ilikuwa mfukoni.

“Unayua nini?” Katongo alimuuliza bila kusimama.

“Minayua kusoma, kuandika, hesabu, na Kilatini kidogo.”

“Kilatini.” Mzee aliwageukia wenzake wawili walioshika kamba. “Muzuri. Kule chini, jiwe ikikuangukia utalia mu Kilatini, na siye huku juu hatutasikia kitu.”

Wale wawili walicheka hadi ndoo ikayumba. Katongo alingoja wamalize.

“Kuanzia leo weye iko mujinga,” alisema. “Mpaka mvua.”

Anaclet aliinamisha kichwa. Shuleni neno hilo lilikuwa likija pamoja na fimbo. Mwalimu alilitamka kwa sauti ya chini, na darasa zima lilijua nani atasimama kona hadi kengele. Aliona kwamba ametoka darasani na neno limemfuata hadi kwenye mashimo ya Katuba. Mzee aliliona hilo usoni pake, na wakati wa kula, akiwa ameshika tonge la bukari, alimweleza.

“Babu yangu alibebaka mizigo ya bantu ya mashariki, bale ba misafara. Mwenye kufika jana, balimwitaka mujinga. Haikuwa matusi. Ilikuwa kusema: huyu miguu yake imefika, macho yake bado. Hayue maji iko wapi, hayue imbwa gani inauma. Basi bamuangalie vizuri.”

Miaka mingi baadaye, katika kabati la vitabu la parokia, Anaclet alikuta kamusi ya zamani iliyokosa jalada, na humo akasoma jambo linalofanana na lile la mzee. Watu wa pwani waliwaita wajinga wale waliofika karibuni kutoka bara, wasiojua bado lugha wala desturi za mji, na wengi wao hawakuwa wamekuja kwa hiari. Neno lilikuwa na maana ya ugeni kabla ya kuwa na maana ya upumbavu. Kwa Waluba, kabila lake, Mujinga ni jina la mtu, hupewa mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Lakini hilo ni neno jingine lenye asili yake, na shangazi yake Anaclet aliyeitwa hivyo hakupenda yachanganywe.

Ujinga wa kisimani ulikuwa na sheria zake. Mjinga hashuki kupita kimo cha watu watatu. Mjinga akiulizwa kama anajua, hujibu kwamba hajui, hata kama anajua, ili aelezwe tena. Anaclet, mtoto wa shule, alijisahau mara nyingi, na kila mara aliadhibiwa kwa kuvuta ndoo ishirini za udongo peke yake. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: kosa la mjinga si lake. Akikata kamba, aliyempokea kazini ndiye anayeitafuta nyingine. Akibomoa ukingo, aliyempokea ndiye anayemwomba radhi mwenye kiwanja. Na akifa, aliyempokea huketi kwenye kilio akiwa mwenye hatia, mbele ya watu wote, na kusema kwa kinywa chake kwamba kifo kile ni chake.

Msimu ulikuwa na masomo yake pia, na kila somo lilikuwa na mwezi wake. Mwezi wa tano mjinga alifundishwa kamba na mafundo. Mwezi wa sita, kukata vidato vya kukanyagia ukutani. Mwezi wa nane, udongo unaodanganya, ule unaosimama asubuhi na kumwagika mchana. Somo la hewa lilingoja mwezi wa kumi, maji yakishapatikana, kwa kuwa hapo ndipo mashine ya kuvuta maji huteremshwa. Katongo alilitoa polepole kuliko mengine. Mashine ikinguruma ndani ya kisima, alisema, huacha pumzi yake chini. Pumzi hiyo haionekani na haina ukali puani. Ukishazima mashine, hushuki siku hiyo, hata kama maji yanarudi na kazi inaharibika. Unangoja kesho, unateremsha taa kwanza, kisha kuku. Na kuku akipanda mzima, wewe pia unaweza kushuka.

Mvua ya kwanza iliponyesha mwaka ule, Katongo alichota maji ya kisima kipya, akamnawisha Anaclet mikono mbele ya mwenye kiwanja na wenzake, akasema: “Ujinga umeisha. Sasa kosa yako iko yako.” Ndivyo mchimbaji alivyovuliwa ujinga. Walikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakaenda nyumbani wamelowa.

Anaclet akawa mchimbaji mzuri. Alikuwa mwangalifu, na wenye viwanja walimpenda kwa sababu aliandika vipimo vyao kwa mwandiko wa misheni. Alimwoa Claudine, binti wa jirani, wakapata watoto wawili. Katongo alipofariki, vifaa vilibaki kwake, na sheria pia.

Mwaka 1999, mwezi wa tano, alikuja kijana aitwaye Mwape, mkazi wa Kenya, mtaa mwingine wa mji uleule, mwenye mke na mtoto mchanga. Anaclet alimpokea akiwa mjinga kama ilivyopasa. Mwape alikuwa mcheshi, na alilipenda neno lile. Akiulizwa kama amekula, alijibu kwamba hajui. Akiulizwa jina la mkewe, alijibu kwamba hajui, aelezwe tena, na wenzake walimtukana kwa furaha.

Kiangazi kile kazi zilikuwa nyingi. Mwezi wa nane, Anaclet alijikuta na visima viwili kwa wakati mmoja: kimoja mtaa wa Hewa Bora, kwenye kiwanja cha mtu aitwaye Gauthier, na kingine Kenya, nyuma ya ghala la mfanyabiashara wa Butembo asiyependa kungoja. Hakutaka kuacha hata kimoja. Basi asubuhi moja, huko Hewa Bora, mbingu zikiwa nyeupe na vumbi likiwa limejaa hewani, alichota maji ya ndoo ya jikoni, akamwita Mwape mbele ya Gauthier na vijana wawili wa kamba.

“Leta mikono.”

“Mukubwa, mvua haiyafika,” Mwape alisema.

“Mvua njo inachimba kisima? Leta mikono.”

“Na mwezi ya kumi? Ulisema kuko mambo ya mwezi ya kumi.”

“Nitakuambia. Sasa leta mikono.”

Alimnawisha, akatamka maneno yale, na Gauthier akapiga makofi kwa adabu kwa kuwa hakujua ni sherehe ya nini. Kisha Anaclet akapanda basi kwenda Kenya. Alikusudia kurudi baada ya siku mbili tatu na kumweleza Mwape habari ya hewa. Aliona hakuna haraka, maji yako mbali bado.

Maji ya Hewa Bora yalikuwa karibu kuliko alivyodhani. Siku ya nne Mwape aliyafikia, na Gauthier, kwa nia njema kabisa, akaazima mashine ya mafuta. Waliiteremsha juu ya mbao hadi katikati ya kisima, ikanguruma saa nzima na kukausha chini. Walipoizima na kuipandisha, Mwape alifanya kile ambacho mchimbaji yeyote angetaka kufanya: alishuka upesi achimbe kabla maji hayajarudi. Vijana wa kamba waliona kamba imelegea. Waliita. Walipompandisha alikuwa amekwisha kufa, wala hakuwa na jeraha popote.

Anaclet alifika alasiri. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na kila mmoja aliuliza swali moja, kwa sababu wachimbaji wenzake walikuwa wameshawaeleza sheria. Gauthier ndiye aliyelitamka.

“Yee alikuwa mujinga bado? Ao aliyua?”

Anaclet alitazama ile mashine iliyolazwa ukutani. Alikumbuka baadaye kwamba alikuwa na kiu wakati huo, na kwamba hakusikia kitu kingine chochote mwilini.

“Nilimunawisha mikono mbele yenu,” alisema. “Aliyua.”

Basi kosa likawa la Mwape. Anaclet hakuketi mahali pa mwenye hatia kwenye kilio. Aliketi pamoja na wageni wengine, akapewa chakula, akala. Neno lake likatembea. Wachimbaji wote wa mji walijua kwamba mtu anayejua hashuki baada ya mashine, na kwamba anayejua akashuka, ametaka mwenyewe. Halikukawia kumfikia mjane, Wivine. Asubuhi ile ya kifo yeye na mumewe walikuwa wamegombana kwa jambo dogo, na alikuwa amemwambia asirudi. Alipoelezwa kwamba Mwape alijua, hakuuliza zaidi.

Kuhusu miaka iliyofuata, hakuna mengi ya kusimulia juu ya Anaclet. Aliamka, alichimba, alilala. Hakulia, wala hakuota ndoto mbaya, ingawa angependa kuota. Mambo yalimfikia kama habari za redio ya nchi nyingine. Binti yake alipoolewa, alisimama penye picha kila alipoambiwa asimame. Claudine alipofariki mwaka 2015, watu walimkuta jikoni akimenya viazi, na alipoambiwa aache, aliacha, akaketi alipoonyeshwa. Kwenye misa aliitikia maneno yote. Padre mmoja alimwuliza kama anahuzunika, naye akafikiri kwa uaminifu, akasema hajui. Kijana yeyote aliyekuja kuomba kufundishwa alijibiwa kwamba wachimbaji wengine wapo.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2023, msichana aliingia uani kwake Katuba. Anaclet alikuwa ameketi kwenye kigoda akisuka kamba iliyokatika.

“Papa Anaclet, jambo. Miye Léa, mutoto ya Mwape.”

“Mwape ya Hewa Bora.”

“Ya Kenya,” msichana alisema. “Hewa Bora njo kwenye alifia.”

Alikaribishwa, akaketi. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na alizungumza kama walimu wanavyozungumza, akingoja kila sentensi ifike kabla ya kutuma nyingine. Alieleza kwamba kila mwezi wa kumi familia za parokia huandika majina ya marehemu wao, yasomwe kwenye misa za mwezi wa Novemba. Mama yake aliandika babu, bibi, kaka zake, hata jirani mmoja. Jina la mumewe hakuwahi kuliandika.

“Mwaka huu nimekatala kunyamaza,” Léa alisema. “Nikamuuliza mpaka anijibu. Akasema: baba yako aliyua ile shimo iko na hewa mubaya, akashuka. Alikwenda kujiua sababu nilimufukuza. Miaka yote hii, papa, mama anapika, anauzisha dagaa yake, na ile neno iko naye. Nikamuuliza: nani alikuambia aliyua? Akasema, mukubwa wake ya kazi.”

Anaclet aliendelea kusuka hadi akafika mwisho wa uzi.

“Njo miye ule mukubwa,” alisema.

“Ninayua njo weye. Nimekuya kuuliza kama ilikuwa kweli.”

Anaclet aliweka kamba chini. Hakukuwa na vita ndani yake. Alitafuta hofu, akatafuta aibu, akakuta mahali pake pameachwa wazi kama chumba kilichohamwa. Aliona tu kwamba swali limekuja na kwamba jibu lake analo.

“Mama yako kesho eko ku nyumba?”

“Kesho iko ku soko. Anarudiaka saa kumi.”

“Nitakuya saa kumi na moja, apumuzike kwanza.”

Jumamosi alikwenda Kenya kwa basi, akatembea sehemu iliyobaki. Wivine alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya mlango, akichambua dagaa waliobaki na kuwatenga wazima na waliovunjika. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wasiojitazama. Alimtambua mgeni, akamwambia Léa alete kiti, kisha akaendelea na kazi.

“Karibu, papa Anaclet. Umenyauka kidogo.”

“Weye pia, mama.”

“Miye nilinyaukaka zamani. Sema.”

Alisema. Alieleza habari za miezi na masomo, na kwamba somo la hewa lilikuwa la mwezi wa kumi. Kwamba alimvua Mwape ujinga mwezi wa nane kwa sababu alitaka visima viwili. Kwamba Mwape mwenyewe alikumbusha kuwa kuna mambo hajaambiwa bado, naye akamjibu kwamba atamwambia. Alizungumza bila kupandisha wala kushusha sauti. Wivine alitenga dagaa mmoja, kisha mwingine.

“Sema neno moja tu,” alisema. “Aliyua, ao hakuyua?”

“Hakuyua. Hakuna muntu alimwambiaka. Ilikuwa kazi yangu kumwambia, na sikumwambia. Alishuka sababu alitaka kazi iishe.”

“Hakufikiria maneno yangu?”

“Siyue alifikiria nini, mama. Lakini hakushuka kwa kufa. Yee alikuwa mujinga bado.”

Léa aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake aliweka mkono ukutani. Wivine hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama juu ya ungo kwa muda, halafu ikarudi kazini, lakini sasa ilikuwa ikiwachanganya tena dagaa wazima na waliovunjika.

“Miaka makumi mbili na ine,” alisema mwishowe. “Na ulikuya kula ku kilio.”

“Nilikula.”

“Ilikuwa nini ile siku? Nimesahabu.”

“Bukari na kunde.”

“Eeh. Kunde.” Alisukuma ungo pembeni. “Huku tuko batatu tu, papa. Ile neno yako ingine haukuisemeaka mu nyumba yangu. Uliisema kule Hewa Bora, mbele ya bantu, na bantu njo balinileteya. Hii ya leo, kaiseme kule. Ukiisha kuisema, Léa ataandika jina.”

“Nitakwenda.”

“Usiniambie nitakwenda. Ulimwambia na yee, nitakuambia.”

Anaclet alikubali kwa kichwa. Alipoinuka, Wivine hakumpa mkono wala hakumnyima. Mikono yake yote miwili ilikuwa na harufu ya samaki, na alimwonyesha hivyo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule Anaclet aliondoka Katuba kwenda Kongolo, kwa ndugu zake, na tangu hapo habari zake hazijafika mjini. Jambo la mwisho alilolifanya ambalo watu wa hapa wana uhakika nalo ni hili.

Jumapili tarehe 29 Oktoba 2023, baada ya misa ya pili, alifika kwa Gauthier, Hewa Bora, akiwa na Léa. Alikuwa amewatumia habari wachimbaji wanne aliowafahamu, nao walikuja. Majirani kumi na wawili hivi walikuja pia, baadhi kwa sababu walikuwapo mwaka 1999, wengine kwa sababu waliona viti vinatolewa. Gauthier, mzee sasa, alitoka akitembelea mkongojo.

Anaclet alisimama karibu na mdomo wa kisima na kusema kwamba Mwape alikuwa mjinga siku aliyokufa. Kwamba yeye, Anaclet, alimnawisha mikono kabla ya mvua na kabla ya masomo kuisha. Kwamba alisema uongo alipoulizwa. Na kwamba kifo kile ni chake.

Gauthier alimwambia, “Lakini mashini, miye njo niliileta.”

“Weye hauko wa hii kazi,” Anaclet alijibu. “Haukupaswa kuyua.”

Mchimbaji mmoja alivua kofia. Léa alitoa karatasi ya parokia kwenye mkoba, akaandika jina la baba yake akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya mkoba. Kisha mama mmoja wa nyumba ya pili aliingia na kiti chake, akauliza wamesema nini, na Anaclet akarudia tangu mwanzo.